Mama yuko Marangu, simu imemgomea: msaidie ukiwa Dar

Ni jioni, umetoka kazini Dar es Salaam, simu inaita. Ni mama, yuko Marangu. "Mwanangu, simu inasema imejaa, picha za wajukuu haziingii. Nibonyeze wapi?" Unamwambia abonyeze vidoti vitatu pale juu. Anakuuliza vidoti gani. Nusu saa inapita, salio linaisha, na wote wawili mmeanza kupandisha sauti.

Wengi wetu tuliotoka Kilimanjaro tunalijua hilo. Sisi tuko mjini, wazee wamebaki kihamba, na kati yetu kuna zaidi ya kilomita 500. Zamani ungesubiri Desemba upande nyumbani kwa Krismasi. Leo zipo programu zinazokuwezesha kuiona simu au kompyuta ya mzazi kwenye ya kwako na kubonyeza kwa niaba yake. Zinazojulikana zaidi ni TeamViewer na AnyDesk, zote za Ujerumani. Kwa matumizi ya nyumbani hazilipiwi.

Anza mkiwa pamoja

Ukienda likizo, weka programu kwenye simu ya mzazi kwa mkono wako. Ipakue Play Store au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kamwe usitumie kiungo ulichotumiwa kwa meseji. AnyDesk ikifunguka huonyesha namba ya simu hiyo ndani ya programu. Iandike kwenye daftari lako. Kisha mpe mama simu yake, wewe nenda uani, ingiza namba ile kwenye simu yako. Kwake utatokea ujumbe wa kuomba ruhusa. Mwache akubali mwenyewe, mrudie mara tatu hadi azoee.

Kwenye Android, programu inaweza kudai kiongezo kidogo na ruhusa zaidi ili uweze kubonyeza. Yamalize hayo hapo hapo. Kama mzazi anatumia iPhone, utaona kioo tu, itabidi umwelekeze kwa mdomo.

Kuhamisha picha na nyaraka

Mkiunganisha kompyuta mbili, AnyDesk ina sehemu ya kuhamisha mafaili: upande mmoja yako, upande wa pili ya mzazi. Unachagua na kutuma. Ni njia nzuri ya kuhifadhi nakala ya hati ya shamba au picha za zamani za ukoo kabla kompyuta haijafa. Hakikisha bando linatosha pande zote mbili.

Hapa ndipo penye hatari

Mlango unaokuingiza wewe unaweza kumwingiza na mwizi. Matapeli hupiga simu wakijifanya ni wa benki au wa mtandao wa simu, wakamwomba mtu apakue programu kama hizi na kuwasomea namba. Mzee akikubali, wanaona meseji zake, na fedha za kahawa au zile ulizomtumia wewe zinaondoka.

Kwa hiyo wekeni sheria moja ya familia: namba ile haisomewi mtu yeyote aliyepiga simu, hata akijua jina lako lote. Mzazi akipata shaka, akate, kisha akupigie wewe kwa namba aliyoizoea. Meseji za kitapeli azitume kwenda 15040, namba ya TCRA.

Namba ya siri ya M-Pesa au ya benki aiingize mwenyewe, mkiwa mmeshakata muunganisho. Mkimaliza, hakikisha ameifunga programu.

La mwisho, bisha hodi. Kuingia kwenye simu ya mama ni kama kuingia chumbani kwake. Mwambie unafungua nini, na meseji zisizokuhusu usizisome. Ukimwonyesha heshima hiyo, naye atajifunza kumshuku yeyote anayetaka kuingia bila kubisha.