Kutoka Kambini hadi Kisimani

Manowari za Marekani za aina ya Arleigh Burke husukumwa na injini nne za turbini ya gesi ziitwazo LM2500. Injini za jamii hiyohiyo, ambazo asili yake ni injini ya ndege, hufua umeme kwenye majukwaa ya mafuta baharini na kusukuma gesi mabombani. Baharia aliyezihudumia miaka sita chini ya sitaha, siku anapovua sare, anaijua mashine ambayo kampuni ya mafuta inaitafutia fundi. Tatizo ni kwamba kampuni haimjui yeye.

Kila mwaka watu wapatao 200,000 huaga jeshi la Marekani. Wamo na wasemaji wa Kiswahili: mpango wa MAVNI, uliosimamishwa mwaka 2016, uliwaandikisha wageni waliojua lugha zilizohitajika jeshini, Kiswahili kikiwamo. Baadhi ya wanaotoka huelekeza macho Midland na Odessa, miji ya magharibi mwa Texas iliyo katikati ya bonde la Permian, ambako hutoka karibu nusu ya mafuta ghafi ya nchi hiyo.

Jeshi na mafuta ni majirani wa siku nyingi. Kisima kikishachorongwa huvishwa bomba la chuma na kuzungushiwa saruji, kisha lazima bomba hilo litobolewe kule chini ili mafuta yaingie. Zamani lilitobolewa kwa risasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Henry Mohaupt, Mswisi aliyeshiriki kubuni kombora la bazuka lililotoboa vifaru, alipeleka ujuzi huohuo visimani akiwa Fort Worth, Texas, na hadi leo visima hutobolewa kwa baruti ya namna hiyo. Ndiyo maana askari wa milipuko, aliyezoea kuhesabu na kutia saini kila kiwashio kinachotoka ghalani, hafiki kazini mikono mitupu. Hata wapiga mbizi wanaoishi siku nyingi ndani ya vyumba vya shinikizo ili wafanye kazi chini ya Bahari ya Kaskazini wanafuata njia iliyofunguliwa na majaribio ya Dkt. George Bond wa jeshi la wanamaji la Marekani, yaliyoanza mwaka 1957.

Lakini waajiri hawatafuti ufundi peke yake. Usiku wa Julai 6, 1988, jukwaa la Piper Alpha, karibu na Scotland, liliteketea na kuua watu 167. Pampu moja ilikuwa katika matengenezo na vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa. Wa zamu ya usiku, ambao habari hiyo haikuwafikia, wakaiwasha. Kilichokosekana ni makabidhiano kamili. Askari aliyezoea kupokea lindo, kuuliza kimebadilika nini na kusoma kitabu cha matukio kabla mwenzake hajaondoka, amekuja na tabia ambayo sekta hii iliilipia kwa maisha ya watu.

Hata hivyo, kuna jambo analopaswa kulisahau. Kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, kibarua wa chini kabisa anaruhusiwa, tena anatakiwa, kusimamisha kazi akiona hatari, hata kama aliyetoa amri ni mkuu wa mtambo. Kwa mtu aliyefundwa kuitikia amri kwanza, hilo huenda likawa gumu kuliko kazi yenyewe.

Cheo nacho hubaki kambini. Sajini aliyeongoza watu thelathini anaweza kuanza kwa kuosha sitaha, kupaka rangi na kufunga mizigo ya kreni, akiamrishwa na kijana wa miaka ishirini na mitano. Kutoka hapo hupanda: sakafu ya kuchorongea, kisha juu mnarani, kisha usukani wa mchorongaji. Wenye shahada ya uhandisi, au waliosimamia ugavi na usalama, huweza kuruka ngazi kadhaa.

Anayejipanga huanza kabla ya kuaga. Mpango wa SkillBridge humruhusu askari, kamanda wake akikubali, kutumia hadi siku 180 za mwisho akijifunza kazi kwenye kampuni ya kiraia huku mshahara ukitoka jeshini. Aliyeendesha malori mazito ya kijeshi kwa miaka miwili anaweza kusamehewa mtihani wa barabarani wa leseni ya kuendesha magari ya kibiashara, ila aombe ndani ya mwaka mmoja tangu atoke jeshini. Na visima vya Permian vinakula mchanga na maji yanayosombwa kwa malori usiku na mchana. Anayetaka majukwaa ya Uingereza hupitia mafunzo ya siku tatu, ambamo kibanda cha mfano wa helikopta huzamishwa bwawani na kupinduliwa, naye atoke mwenyewe akiwa kichwa chini.

Kuna kitu ambacho mafunzo hayakizuii: bei. Katikati ya mwaka 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 100. Mapema 2016 likashuka chini ya dola 30, na maelfu wakapoteza kazi. Aprili 20, 2020, mkataba wa mafuta ya Marekani ulifungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Wachorongaji huguswa kwanza, kwa kuwa kisima kipya kinaweza kuahirishwa. Mabomba, viwanda vya kusafishia na visima vinavyotoa tayari huhitaji mafundi hata bei ikilala. Mwenye watoto shuleni angefanya vyema kuanzia huko, hata kama malipo ya mwanzo ni madogo.

Yapo pia maswali ya nyumbani. Wengi huacha jeshi kwa sababu wamechoka kuwa mbali na familia, kisha wanaangukia kazi ya wiki mbili baharini na wiki mbili nyumbani, kila zamu ikidumu saa kumi na mbili. Kabla ya kutia saini, inafaa kumuuliza mwajiri ratiba ikoje, nauli ya kufika bandarini inatoka mfuko wa nani, na je, siku za kungoja hali ya hewa itulie zinalipwa?