SHILINGI YA UTAFITI IHESABIWE MWALONI

Kila mwisho wa mwaka wa fedha husomwa hesabu za mashirika na makampuni yetu, na ndani yake huwamo fungu liitwalo la utafiti. Wakubwa hulisoma upesi, wanachama hulipigia makofi, kisha huendelea na fungu linalofuata. Ni nadra kumsikia mtu akisimama kuuliza: shilingi tuliyoitia humo imerudi na nini? Twaona swali hilo lampasa mfanyakazi na mkulima kabla ya kumpasa mkurugenzi, kwa kuwa fedha yenyewe, ikifuatwa hadi chimbuko lake, imetoka katika kilo ya kahawa na ndoo ya dagaa.

Tuanzie Bumbire. Kisiwa hiki cha Wilaya ya Muleba, ndani ya Ziwa Viktoria, ni mahali ambapo matunda ya utafiti hufika mwisho wa safari yake, kama yafika. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, akawavuta samaki kwa mwanga wa taa, na asubuhi huwaanika juani. Masika yakiingia jua huadimika, dagaa hulowa, huvunda, na waliokusudiwa kuliwa na watu huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku.

Dawa ya jambo hili si siri. Watafiti wa samaki wamekwisha kuonyesha kwamba dagaa akianikwa juu ya chanja hupata hewa juu na chini, hukauka upesi, wala hachanganyiki na mchanga. Basi kwa nini katika mialo mingi ya ziwa hili dagaa wangali wakitandazwa chini? Kwa sababu chanja ni miti na nyavu, na miti na nyavu ni fedha. Mnunuzi akitoa bei moja kwa dagaa safi na dagaa wa mchangani, mvuvi mwenye akili timamu atabaki na mchanga wake. Hapo mtafiti hakushindwa. Pato lake limekwama njiani, nalo litakwamuliwa na bei, si na maabara mpya.

Tutoe mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Mvuvi ana ndoo 100 za dagaa wakati wa masika. Akianika chini, 30 zaharibika. Akianika juu ya chanja, zaharibika 10. Ndoo 20 zilizookoka, ukitoa gharama ya chanja iliyogawanywa kwa misimu itakayodumu, ndizo pato la utafiti kwa mtu huyo mmoja. Kisha zidisha kwa idadi ya watu wanaotumia chanja, wala si kwa idadi ya waliohudhuria semina wakapewa soda. Makosa mengi ya hesabu za namna hii yamo katika kuzidisha huko.

Tuvuke maji sasa hadi nchi kavu ya Muleba na Bukoba, ambako kahawa ililimwa na kutafunwa na Wahaya kabla Mjerumani hajafika. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko fuzari ulibainika mkoani Kagera, ukiwa umekwisha kuteketeza mibuni ya Kongo na Uganda. Hauna tiba; mti ulioshikwa hung'olewa na kuchomwa moto. Mwaka 2001 kazi ya utafiti wa kahawa, ambayo ilikuwa na kituo chake Lyamungu tangu 1934, ilitoka mikononi mwa Serikali ikakabidhiwa kampuni isiyogawana faida, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yaani TaCRI, ambayo wadau wa kahawa ndio wenyewe. Sehemu ndogo ya bei ya kahawa, isiyotimia asilimia moja, iliwekwa kuilisha, pamoja na misaada ya nje. Mwaka 2011 zikatolewa aina nne za robusta zinazostahimili ugonjwa huo: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Tangu ugonjwa kuonekana hadi aina hizo kutolewa ni miaka 14. Ongeza miaka kama mitatu ya mbuni kukua hata uzae. Mkurugenzi ambaye angetaka faida ya mwaka ule ule angeufunga utafiti huo mapema kabisa, na watu wangemsifu kwa kubana matumizi!

Lakini tusiishie kusifu. Robusta huchavushana mti kwa mti, hivyo mbegu yake haimzai mama yake; sharti vikatwe vikonyo katika bustani mama, viotishwe mizizi kimoja kimoja. Kazi hiyo ni ya polepole. Kwa rai yetu, aina bora ikiwa imekwisha kupatikana, shilingi inayofuata huleta pato kubwa zaidi ikipelekwa katika bustani mama na vitalu vya vijijini kuliko ikirudishwa kutafuta aina ya tano.

Ng'ambo nako walihesabu. Mwaka 1958 mchumi Zvi Griliches wa Marekani alijumlisha gharama zote za utafiti wa mahindi chotara, za Serikali na za makampuni ya mbegu, akaona kwamba kila dola ilikuwa ikirudisha dola zipatazo 7 kila mwaka. Tarakimu hiyo imenukuliwa sana na wanaoomba fedha. Hawapendi kunukuu onyo lake mwenyewe, kwamba alichagua utafiti uliofanikiwa. Kuhesabu hivyo ni kama kuuhesabu usiku ule mtumbwi ulipojaa na kuzisahau siku uliporudi mtupu. Mafuta yalichomwa siku zote.

Liko pia pato lisiloonekana katika kitabu cha mapato. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia, na Tanzania ikafunguliwa mwanzoni mwa 2000. Kila aliyeishi kwa sangara, tangu mwenye kiwanda hadi mbeba samaki, aliuonja mfungo ule. Upimaji unaozuia jambo hilo lisirudi haumwongezei mtu senti mfukoni siku ya leo. Faida yake ni hasara isiyotokea, nayo lazima iandikwe, la sivyo maabara itakuwa ya kwanza kufutwa.

Twataka basi kila shirika na kila kampuni itumiayo fedha ya utafiti itoe hesabu moja fupi kwa Kiswahili: imetumia kiasi gani, pamoja na yale yaliyoshindikana, miche mingapi ingali hai mashambani baada ya miaka mitatu, watu wangapi wanaanika juu ya chanja bila kushurutishwa. Na hesabu hiyo isomwe mialoni, Bumbire ikiwamo. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki ziwani, kwa kuwa taa zao hazishindani na mwezi. Siku hizo wanayo nafasi ya kusikiliza, na ya kuuliza.