Deni la 1,850 lilivyoninyima nyumba

Wafanyabiashara wenzangu, leo sizungumzii stoki wala bei ya unga. Nataka niwaambie vile deni la shilingi 1,850 lilinikosesha nyumba, ili lisikukute wewe.

Nina duka la rejareja Kisauni, Mombasa. Nilimaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, biashara nimejifunzia papo hapo kaunta. Mwaka 2023 nikasikia nyumba ya vyumba viwili inauzwa Mtwapa, na hati miliki ipo. Mama yangu amekaa nyumba za kupanga tangu nikiwa mdogo, na mwenye nyumba alikuwa ashapandisha kodi mara mbili. Nikajipeleka benki na daftari langu la mauzo kwapani, sina wasiwasi wowote.

Afisa wa mikopo akabofya kompyuta, akanyamaza. "Dada, biashara yako ni nzuri. Lakini CRB uko vibaya."

Nikamwambia mimi sijawahi kukopa benki maishani.

"Si lazima iwe benki. Huu ni mkopo wa simu."

Hapo nikakumbuka. Mwaka 2019, bado nauza kwenye meza, nilikopa 1,850 kwa simu ninunue sukari. Simu ikaibiwa, nikachukua laini mpya, deni nikalisahau. Wao hawakusahau. Nyumba ya Mtwapa ikachukuliwa na mtu mwingine, na Mama alikuwa ashapima mapazia.

Nilichojifunza baada ya hapo ndicho hiki.

Kwanza, angalia ripoti yako kabla hujaenda kuomba mkopo. Kenya tuna kampuni zenye leseni ya kazi hii, zikiwemo TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti moja bure kila mwaka. Alama za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900. Lakini usiangalie alama peke yake, soma kila deni lililoandikwa. Ukiona lisilo lako, lalamika kwa maandishi.

Pili, lipa, halafu dai barua ya kuonyesha umemaliza. Hakikisha aliyekukopesha amepeleka habari hiyo CRB. Na usidanganyike kwamba ukilipa leo, kesho historia imefutika. Rekodi ya deni baya hukaa miaka 5 tangu siku uliyomaliza kulipa. Tofauti ni kwamba sasa inasoma umelipa, na hapo mtu anaweza kukusikiliza.

Tatu, jihadhari na wale wa "nakufutia jina CRB". Mimi aliniambia 5,000. Nikampa 2,000 za kwanza, simu yake imezimwa mpaka leo. Rekodi ya kweli haifutwi kwa hongo ya kichochoroni.

Nne, fanya pesa za duka zionekane. Mwenye mshahara ana karatasi ya mshahara, sisi tuna nini? Tuna stetimenti. Nilianza kupokea malipo yote kwa namba ya tili, na pesa taslimu nikawa napeleka benki kila Jumatatu. Matumizi ya nyumbani nikayatenga kabisa. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na karatasi zinazonisemea.

Tano, usidharau Sacco. Nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wadhamini. Alama yako ikiwa ndogo, akiba na watu wanaokuamini vinakusaidia. Lakini mdhamini si sahihi tu. Ukishindwa kulipa, akiba yake ndiyo inayokatwa. Kaka yangu alinidhamini akaniambia, "Mdogo wangu, hii ni karo ya wanangu." Maneno hayo huniamsha saa kumi na moja alfajiri kufungua duka.

Sita, uliza hati mapema. Hapa Mombasa wengi tuna nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako lakini ardhi ni ya mtu mwingine. Mkopeshaji anayetaka dhamana ya hati hataikubali, hata alama zako ziwe nzuri vipi.

Mimi niliishia wapi? Nilikuwa na akiba ya 150,000, Sacco ikanipa 450,000 kwa miezi 36, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Nyumba ya kununua hiyo haitoshi. Ila Mama ana ploti ya urithi Mariakani, yenye hati. Tukajenga vyumba viwili. Dari bado, sakafu ni saruji tupu, lakini hakuna wa kumpandishia kodi.

Mwezi wa kwanza nililipa 17,000: 12,500 za deni na 4,500 za riba. Kabla sijasaini, nilijijaribu. Kwa miezi mitatu niliweka kando 600 kila jioni, kama vile deni tayari lipo. Siku mbili nilishindwa, nikafidia. Nawe jaribu hivyo kwanza. Ukiona duka linayumba, mkopo huo ni mkubwa kwako, ngoja.

Sasa niambie, una laini ya zamani uliyowahi kukopa nayo? Kaangalie leo, kabla ya kuanza kuota nyumba.