Majibu Yako ya Hospitali: Nani Anayasoma?

Ukipimwa virusi vya Ukimwi, huenda majibu yako yakawekwa katika kompyuta kuu ambayo daktari, muuguzi na maabara huisoma kupitia mtandao wa hospitali. Nani mwingine anaweza kuyasoma?

Kinga mojawapo ni Kerberos, iliyobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980. Neno la siri la mfanyakazi halipitishwi mtandaoni. Badala yake hupewa tiketi ya muda inayothibitisha yeye ni nani. Saa za kompyuta zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida tiketi hukataliwa.

Hata hivyo, tiketi pekee haifichi majibu yakiwa njiani. Katika mfumo wa NFS, fundi achague krb5p, inayoyageuza kuwa fumbo.

Lakini haya yote ni bure wafanyakazi wakiazimana neno la siri. Ukiona hivyo, lalamika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulinda.