Ngitili na Hewa ya Dunia

Lile gunia la mkaa unaloliona likipita kwa baiskeli kwenda Mwanza, wajua uzito wake ulitoka wapi? Wengi watajibu: ardhini. Sivyo. Mti hupata ardhini maji na chumvichumvi kidogo. Mwili wake huujenga zaidi kwa hewa. Jani huvuta hewa ukaa, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa shina, tawi na mzizi. Karibu nusu ya uzito wa ukuni mkavu ni kaboni iliyotoka angani. Ukiuchoma, yarudi ilikotoka.

Zamani, kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 2024 ilipita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na ukataji wa misitu. Nayo hushika joto la dunia kama blanketi. Wataalamu wasema kupunguza moshi ni kazi ya kwanza, lakini haitoshi. Hewa nyingine iliyokwisha kutoka yapasa kurudishwa chini. Huko Iceland wamejenga mitambo ya kuinyonya na kuizika mwambani, kwa gharama kubwa mno. Sisi Wasukuma tuna njia ya wazee.

Nayo ni ngitili: malisho yanayofungwa mvua zianzapo, ng'ombe wasiingie, kisha hufunguliwa kiangazi. Jirani zetu wa Shinyanga walikuwa karibu kuisahau. Wakati wa Waingereza miti ilifyekwa ili kumaliza mbung'o, yakafuata mashamba ya pamba, nchi ikabaki uchi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Miche ilipandwa, naam, lakini ushindi mkubwa ulitoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai bado: mifugo ikizuiwa, huchipua yenyewe. Ngitili zilizobaki wakati ule zilikuwa kama hekta 600. Kufika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Na mlinzi hakuwa askari wa serikali. Ilikuwa dagashida, mkutano wa wanakijiji, iliyomtoza faini aliyekata au kulisha kwa siri. Mimi naisifu dagashida kuliko miche.

Sasa fedha zimeingia. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, na viko vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinavyolipwa kwa kulinda msitu. Siku moja wageni watafika kwako pia, na karatasi zao. Wakaribishe, wape kiti, kisha uliza. Mkataba ni wa miaka mingapi? Nani atapima miti? Moto ukiteketeza ngitili, nani atadaiwa? Mjane asiye na ng'ombe hata mmoja, aokotaye kuni humo, atapika kwa nini? Mara nyingi hili la mwisho haliulizwi, kwa kuwa mjane mwenyewe hakuitwa mkutanoni.

Karatasi hiyo isomwe yote kwa sauti mbele ya kijiji, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, kabla mwenyekiti hajashika kalamu.