Dawn Staley: kutoka mchezaji mpaka kocha mkuu



Sisi walimu tunaulizwa mara nyingi: "Binti akicheza mpira wa kikapu, mchezo huo utamletea nini kesho?" Ni ulizo la haki. Mzazi anayetafuta minervale kwa shida anataka kujua matunda yake. Juma hili tunajibu kwa habari za mwanamke wa Marekani, Dawn Staley.

Alizaliwa mwaka wa 1970, kitinda mimba kati ya watoto watano, akakomea katika mji wa Philadelphia, kwenye nyumba za serikali za watu wa hali ya chini. Alijifunza kucheza pamoja na wavulana. Urefu wake haufiki hata metre 1 na santimetre 70, na mchezo huo unapenda watu warefu. Kwa hiyo alishika kazi ya kuongoza ekipe ndani ya kiwanja: kuona nani yuko wazi, kumpa mpira kwa wakati, kupanga wenzake kwa sauti. Kazi ya kocha ilianzia hapo, hata kama yeye hakujua bado.

Kuanzia mwaka wa 1988 mpaka 1992 alisoma na kucheza kwenye Chuo Kikuu cha Virginia. Mara tatu ekipe yao ilifika kati ya nne za mwisho za nchi nzima, lakini kikombe hawakupata. Mwaka wa 1991 walishindwa na Tennessee 70 kwa 67, kisha muda wa nyongeza. Hata hivi alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Alitoka chuoni na diplome, bila kikombe.

Kisha akavaa nguo za ekipe ya taifa. Kwenye Olimpiki za Atlanta, mwaka wa 1996, ekipe hiyo ilikutana na mabinti wetu wa Zaire, ikawashinda 107 kwa 47. Marekani ilichukua medali ya zahabu, na Staley alipata zingine mwaka wa 2000 na wa 2004.

Mwaka wa 2000, Chuo Kikuu cha Temple, pale pale Philadelphia, kilimuomba awe kocha mkuu. Kwanza hakutaka, maana alikuwa angali mchezaji. Mwishowe alikubali, akafanya kazi zote mbili mpaka alipoacha kucheza mwaka wa 2006.

Mwaka wa 2008 alihamia Chuo Kikuu cha South Carolina, jimbo la asili ya mama yake. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu: walishinda michezo 10, wakashindwa 18. Wakubwa wa chuo hawakumfukuza, naye hakukimbia. Kikombe kilikuja mwaka wa 2017, tena mwaka wa 2022, na tena mwaka wa 2024 walipomaliza michezo 38 bila kushindwa hata mmoja. Katikati ya hayo, mwaka wa 2021 kule Tokyo, aliongoza ekipe ya taifa kupata zahabu, sasa akiwa kocha.

Mwaka huo huo alidai alipwe sawa na makocha wanaume. Chuo kilimpa mkataba wa miaka 7, jumla ya dola milioni 22.4.

Kuna jambo lingine linalotugusa. Carolyn Peck, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda kikombe hicho akiwa kocha, mwaka wa 1999, alimpa Staley kipande cha wavu wa ushindi wake ili kumtia moyo. Staley aliposhinda, alikata wavu wake vipande vipande, akavituma kwa makocha wengine wanawake weusi.

Wamama, hatusemi kila binti atafika huko. Wengi hawatalipwa hata franga moja kwa kucheza. Lakini anayejifunza kupanga wenzake, kushindwa bila kuvunjika moyo, na kurudi mazoezini kesho yake, anaweza kuongoza darasa, kituo cha afya ao muungano kama huu wetu. Basi, tugawanye kazi za nyumbani kati ya wavulana na mabinti, ili binti naye apate saa moja ya mazoezi na saa ya kusoma masomo yake. Na akiomba kufundisha wadogo wa kartiye, tumuache ajaribu.