Mgonjwa na Watu Wake: Utangulizi wa Elimu ya Maumivu

Ingia wodi ya hospitali ya Nyakahanga, Karagwe, au ya Isingiro, Kyerwa, nchini Tanzania. Mgonjwa hulazwa, lakini halazwi peke yake: kuna aliyemletea uji, kuna shangazi wa kumgeuza, kuna jirani aliyekuja tu kukaa. Tumezoea kuwaona kama watu wanaojaza wodi. Elimu ninayokukaribishia inawahesabu miongoni mwa watoa tiba.

Sababu yake inaanzia hapa: mwaka 1965, watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uchungu hauendi ubongoni kama maji mferejini. Kwenye uti wa mgongo kuna mfano wa lango, na ubongo wenyewe una uwezo wa kulifungua au kulibana. Hofu huweza kulifungua; akili ikishikwa na jambo jingine, lango hubanwa.

Hunter Hoffman na David Patterson, watafiti wa Seattle, Marekani, waliufanyia kazi upande huo wa akili. Mgonjwa aliyeungua moto huvalishwa miwani ya uhalisia pepe, akajikuta kwenye bonde la barafu akirusha mabonge ya theluji huku muuguzi akimsafisha kidonda. Wagonjwa walisema maumivu yalipungua. (Mtoto wa Nkwenda, huko Kyerwa, ningemchorea Mto Kagera, theluji ameisikia tu.)

Upande wa watu, mtafiti James Coan na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio la wanawake 16 walioolewa, waliokuwa wakingojea shoti ya umeme. Kila mmoja aliposhika mkono wa mumewe, ubongo wake ulitulia kuliko aliposhika mkono wa mtu asiyemjua. Na penye ndoa njema ulitulia zaidi. Ng'ambo ya Mto Kagera, huko Ankole na Kigezi nchini Uganda, vyama vya engozi vimebeba wagonjwa kwa machela mabegani miaka mingi bila kungoja jaribio hilo.

Nikuonye mapema: miwani haichukui nafasi ya morfini. Imefaa hasa kwa maumivu ya muda mfupi, kama ya kusafisha kidonda. Mwenye saratani anahitaji dawa, kama ile morfini ya kunywa inayotolewa na Hospice Africa, iliyoanzishwa Uganda na Dk. Anne Merriman mwaka 1993.

Maumivu hayana mizani. Kipimo chake ni kauli ya mgonjwa. Kwa hiyo, kabla ya kufungua sura ya kwanza, kakae naye saa nzima. Muulize jana alipata nafuu wakati gani, na nani alikuwapo. Andika jibu kwa maneno yake.